Kwa mama Nuru, kuhusu lile kundi

Mwanangu,

Umeniuliza kama umruhusu Nuru asaini na hao waliomchagua, aingie kwenye kundi la muziki na wasichana wawili ambao hata salamu hawajawahi kupeana. Nitakujibu, ila kwanza turudi 2004.

Wewe ulikuwa bweni, kwa hiyo hukuyaona. Shindano la kutafuta waimbaji, Coca-Cola Popstars, lilizunguka nchi tatu na kila nchi ikatoa kundi la watu watatu: Kenya wakapata Sema, Uganda wakapata Blu*3, sisi Tanzania tukapata Wakilisha, yaani Witness, Langa na Shaa. Waliunganishwa na majaji, si urafiki. Baba yako, Mungu amrehemu, alikaa kwenye lile kochi la kijani akaitazama video yao. Mtu kapiga solo kwenye dansi tangu wewe hujazaliwa, hajawahi kuonekana hata kwenye kava la kaseti. "Hawa wametengenezwa kiwandani kama soda yenyewe," akasema, akazima TV. Kaka yako alikuwa bado anaangalia! Alivyonuna siku ile, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Wiki haikuisha nikamkuta baba yako uani na gitaa, anaitafuta "Unaniacha Hoi" ya haohao Wakilisha. Anapiga, anakosea, anarudia, anachomekea vionjo vyake vya zamani. Aliponiona akahamia zilipendwa, uso mkavu kabisa. Nilicheka jikoni mpaka nikamwaga tui.

Mimi nimeshawaambia, na nitarudia: watu hawawi kundi mpaka wagombane na kupatana. Bendi ya baba yako waligombania posho, wakagombania maiki, wakagombania hata mashati ya sare, na Jumamosi wako jukwaani. Wakilisha wangegombania nini? Studio wamepewa, video wamepewa, jina wamepewa. Haikuchukua muda kila mtu akashika njia yake. Witness akatoka na "Zero" akiwa na Fid Q, Langa akatoa "Matawi ya Juu", Shaa akaja kututingisha na "Sugua Gaga". Langa tukampoteza Juni 2013, kijana mbichi kabisa. Sema nao walituachia "Leta Wimbo" na "Sakalakata", kisha wakasambaa. Sanaipei, mmoja wao, akaingia redioni, na kuimba hakuacha.

Haya, utaniambia Blu*3. Najua. Nao walikusanywa vilevile, lakini wakadumu. Cindy alipoondoka 2008 akaingizwa Mya, safari ikaendelea. Hapo hoja yangu inachechemea kidogo. Ila angalia: Cindy, Lilian Mbabazi na Jackie Chandiru, kila mmoja baadaye aling'ara kivyake. Sasa lile lilikuwa kundi au shule? Na shule ina ubaya gani? Tena tuseme kweli, hata kwenye bendi ya baba yako nusu yao walichukuliwa bendi nyingine kwa ahadi ya pikipiki, na hakuna aliyesema wametengenezwa. Lakini wale walikuwa watu wazima. Nuru ana miaka kumi na saba.

Basi sisemi umkatalie. Wala sisemi umruhusu, mtoto ni wako. Huo mkataba lakini usiusome kuanzia kwenye pesa. Tafuta kwanza panapoandikwa jina la kundi ni mali ya nani, na wakiachana nyimbo zinabaki kwa nani. Na hao wasichana waite kwako siku nzima, wapike, waoshe vyombo, uone nani anakimbilia simu. Ningekuwa mimi... haya, nanyamaza.

Shangazi yako anakuja Ijumaa na nimeshamsimulia. Atakupigia akwambie ukatae katakata. Usimsikilize, hata ndoa yako alisema haimalizi mwaka.

Mama yako