Maswali ya Wasomaji: Kiwanja cha bondeni, Msimbazi

SWALI: Nimeonyeshwa kiwanja Kigogo, karibu na mto Msimbazi. Dalali anasema nikimwaga kifusi cha mita 1 maji hayatanisumbua. Ni kweli? Na mbona Jangwani hufurika kila masika, hata mto ukisafishwa? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kifusi hakitakuokoa. Bonde lile ni sehemu ya mto wenyewe; ndiko maji hutandaa yakizidi. Ukiinua kiwanja chako, maji yatamwendea jirani, kisha yatamega kifusi pembeni, kwa kuwa hakijashindiliwa, na msingi utapasuka.

Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kusafiri kilomita kama 35 hadi baharini, penye daraja la Salenda. Huko juu miteremko imejengwa. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa hutiririka juu ya bati na sakafu, yakafika chini kwa saa chache, yamebeba mchanga na taka. Jangwani ardhi ni tambarare, kasi hupungua, mchanga hutua chini ya daraja la Barabara ya Morogoro. Ndiyo maana kusafisha hakudumu: mvua kubwa moja huurudisha mchanga. Halafu kuna bahari. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mvua ikikutana na maji kujaa, mto hukosa pa kutokea.

Wala si masika tu. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, yalikuja msimu wa vuli. Waathirika wengi wa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurika mara kwa mara, na barabara ile ikifungwa, Magomeni hadi Kimara hukatika na Kariakoo. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unalenga kuinua daraja na kuihamisha karakana hiyo. Tungependa mabasi yasingepelekwa pale tangu mwanzo.

Kuhusu kiwanja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Pima kwa futi kamba, na kumbuka kingo za Msimbazi humeguka. Mita 65 za leo zaweza kuwa 58 baada ya misimu michache. Tazama kuta za majirani: mstari wa tope huonyesha maji yalifika wapi. Chimba shimo la mita 1. Ukikuta matabaka ya mchanga yenye mifuko ya plastiki katikati, mto umeshapita hapo. Maji yakichuruzika shimoni, shimo la choo litafurika masika. Barua ya serikali ya mtaa haitoshi. Ulizia ofisi ya mipango miji ya manispaa kama eneo limepimwa kwa makazi, na ukiambiwa halijapimwa, usitoe hata malipo ya awali.