Gari Imeoshwa kwa Ndoo Moja, Sasa Nipake Nini Juu?

SWALI. Yaya, jambo. Niko na RAV4 nyeusi, ninaishi Himbi. Maji ya robine inakuja siku inapenda, basi nikaachana na lavaji, mtu mmoja akaniletea toka Kigali ile dawa ya kuosha bila kusuuza, unaweka kidogo kwa ndoo, unapangusa, unakausha, kwisha. Gari inatoka safi, lakini siku mbili tu vumbi imejaa tena, na kwa jua naona mistari midogomidogo ya mviringo kwa kapo, kile kifuniko cha injini. Nipake nini kulinda rangi? Na lazima kwanza nitoe dawa iliyobaki juu yake? Aksanti.
*Mwenye gari nyeusi, Himbi, Goma*

JIBU. Leki, tuanze na hiyo mistari, juu bila kuielewa hata ukipaka nini ni hasara tu. Vumbi yetu ya Goma si ya kuchezea, ni makoro, yale mawe ya lava, yaliyosagwa na matairi. Lava ya 2002 ilishuka mpaka katikati ya mji ikaingia ziwani, na sisi tukajenga juu yake, tukaivunjavunja, tukaimwaga barabarani, sasa inapanda juu ya gari kila siku. Lava ikipoa haraka inakuwa na kioo ndani yake, halafu verni, ile tabaka angavu ya juu ya rangi, kwa gari nyingi iko na mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ukiburuta vumbi hiyo na shifoni kavukavu unakuwa unapiga msasa, na kwa rangi nyeusi hakuna kitu kinajificha.

Kwa hiyo usianze na ndoo. Tia dawa iliyochanganywa kwenye chupa ya kupulizia, lowesha kapo yote, subiri dakika moja ao mbili, vumbi ilainike na ile dawa iizunguke. Ndipo upitishe shifoni ya mikrofaiba iliyolowa chapachapa, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Ikunje nusu mara mbili upate nyuso nane, uso ukishachafuka haurudi kwa gari, uko nyingine. Na kipimo ukiheshimu: Optimum No Rinse kwa mfano, ile ya Marekani inayojulikana sana, ni sehemu 1 kwa maji 256, yaani mililita 15 hivi kwa lita 4. Watu wanaongeza wakifikiri itaosha zaidi, kumbe inaacha ukungu tu kwa rangi.

Sasa mabaki. Kama unataka kupaka waksi ya kawaida ao silanti ya kupuliza (kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani), hapana, usijisumbue, dawa ikiwa kwa kipimo inaacha kitu kidogo sana na waksi inapita juu yake bila shida. Ni keramiki ile ya kweli, ule mpako mgumu wa kachupa kadogo, ndiyo inataka rangi tupu kabisa, hapo unapangusa kwanza na alkoli ya farmasi iliyopunguzwa na maji, la sivyo haitashika.

Lakini kabla ya kupaka chochote kuna kitu watu wengi wanaruka. Ingiza mkono ndani ya sasheti nyepesi ya plastiki (ile ambayo ukivuka nayo Gisenyi wanakunyang'anya) na upitishe vidole polepole juu ya kapo iliyooshwa na kukauka. Mkono mtupu utakudanganya, lakini kwa sasheti utasikia vipunje, kama umepitisha kidole kwa sukari. Hivyo vimeng'ang'ania, kuosha hakuvitoi, vinatoka kwa udongo wa kusafishia rangi, na ile ile dawa yako ya ndoo inafaa kuwa utelezi wake. Udongo ukianguka chini, tupa, hata kama umelipa pesa nyingi. Mapaa pia yanataka hivyo, sijui kwa nini kila mtu anasahau paa.

Nipake nini? Mimi kwa Goma nachagua silanti ya kupuliza, si karnauba. Karnauba ni waksi inatoka kwa mti wa Brazili, inang'arisha vizuri sana gari nyeusi, lakini ni mambo ya wiki chache na jua letu linaimaliza. Silanti inaenda miezi. Na tena tuko chini ya volkano Nyiragongo, moshi wake uko na gesi ya salfa, ikikutana na mvua inakuwa asidi, muulize mwenye mabati. Sasa kama unapenda ule mng'ao wa karnauba, silanti itangulie, karnauba ije juu, kinyume chake silanti haitashika.

Paka kivulini, bati ikiwa baridi kwa mkono. Pulizia mara mbili tu kwa kila kipande, sambaza, geuza shifoni, kausha, nenda mlango unaofuata. Ikiacha mabaka ujue umezidisha. Kwa breki usiguse, na kwa kioo cha mbele pia. Halafu fanya kazi hii kabla ya Septemba, mvua isikukute.

Vumbi itarudi, hiyo sitakudanganya, ila itakuwa imekaa juu ya kitu kinachoteleza na itatoka kwa kupulizia, si kwa kusugua. Ile mistari ya mviringo iliyopo haitaondoka kwa waksi, itajificha kidogo, kuitoa ni kazi ya polishi na polishi inakula verni, usiifanye kila mwaka.

Kitu cha mwisho: kama ndoo yako ni maji ya ziwa, Kivu iko na chumvi nyingi ya magnesi, tone likikauka peke yake linaacha duara jeupe. Kausha mara moja. Lililokwisha kukauka, siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, kisha maji safi, kisha paka silanti tena pale.

SWALI. Kijana wa lavaji anamalizia na mazutu (dizeli) kidogo, gari inang'aa sana. Mbaya?
*Msomaji, Katindo, Goma*

JIBU. Mbaya. Mazutu inayeyusha waksi uliyolipia, halafu inashika vumbi yote ya njia ya Sake kabla hujafika hata Mugunga. Na sabuni ya unga ya nguo pia inavua waksi, mwambie aiweke mbali na gari yako.

SWALI. Hapa Bukavu shida ni tope nyekundu, inafika mpaka madirisha. Dawa ya bila kusuuza itaweza?
*Msomaji, Panzi, Bukavu*

JIBU. Haiwezi, na usijaribu. Tope ya namna hiyo inataka maji ya nguvu kwanza, hata bidoni moja na pompi ya kupulizia mashamba, toka juu kwenda chini, na matairi mwisho. Ikibaki ule utando mwembamba tu ndipo ulete ndoo yako.