Jibu kwa aliyepigiwa honi: nimeendesha lori, sasa naendesha baiskeli

Mkuu, nimeisoma habari yako mara mbili kabla ya kuandika. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwenye barabara nyembamba ulikaa katikati ya njia yako, dereva wa nyuma akashikilia honi, na alipokupita akashusha kioo kukuambia ukae pembeni. Unauliza kama ulikosea. La pili, siku hiyohiyo kwenye taa ulipita ubavuni mwa lori lililosimama, taa zikawaka kijani, lori likakunja upande wako likakubana, ukaokoka kwa kurukia ukingoni. Unasema dereva alikuona na alifanya makusudi.

Waliokujibu wamegawanyika. Wenye magari wanasema baiskeli zitoke barabarani, wenye baiskeli wanasema madereva wote ni wauaji. Mimi nimeendesha lori miaka 11, na tangu niache kazi ile naenda na kurudi kazini kwa baiskeli kila siku. Kwa maoni yangu, kwenye la kwanza ulikuwa sahihi kabisa. Kwenye la pili, karibu nina hakika yule dereva hakukuona. Naanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloua.

Ukikaa kwenye kiti cha lori kubwa, macho yako yako juu kuliko kichwa cha mtu mrefu aliyesimama chini. Mbali unaona vizuri sana, jirani huoni. Mtu akisimama karibu kabisa na bampa anaweza kupotea mzima chini ya kioo cha mbele. Upande wa abiria ndio mbaya zaidi: mlango ni mrefu, dirisha liko juu, na mwenye baiskeli aliyesimama pale chini anaonekana kwenye kipande kidogo tu cha kioo cha pembeni, kama anaonekana. Kisha lori lenye tela likianza kukunja, kichwa kinageuka kabla ya tela. Kioo cha upande ule kinajaa ubavu wa tela peke yake. Dereva anatazama kioo, kioo kiko safi, na wewe uko pembeni mwa tela hilo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo asiyewahi kuendesha gari refu halijui. Magurudumu ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele, yanakata ndani ya kona. Kwa hiyo dereva analazimika kwanza kutanua, analipeleka lori mbali na ukingo ili mkia usipande juu ya njia ya waenda kwa miguu. Anapotanua, unaona nafasi kubwa imefunguka kati ya lori na ukingo, kama vile umeachiwa wewe upite. Nafasi hiyo inafungwa baada ya sekunde chache, na inaanza kufungwa kutoka nyuma, mahali ambapo wewe unayetazama mbele huangalii.

Nilijifunza hilo vibaya. Nilikuwa nimesimama kwenye taa, indiketa inawaka, mchana, hakuna mvua wala kiza. Nikatazama kioo, hakuna mtu. Taa zikabadilika, nikatazama tena, nikaanza kukunja polepole. Nikasikia bodi inagongwa, pa, pa, pa, kama mtu anayebisha mlango kwa kiganja. Nikakanyaga breki papo hapo. Niliposhuka nikamkuta kijana amebanwa mgongo kwenye reli za pembeni, mzima, hana hata mchubuko, na gurudumu la mbele la baiskeli yake liko chini ya tairi la nyuma la lori, limekunjika. Lori lilikuwa na vumbi la safari. Kwenye vumbi lile kulikuwa na alama za viganja vyake, moja baada ya nyingine, kuanzia karibu na tangi la mafuta kurudi nyuma kuelekea kwenye magurudumu. Nilizihesabu, zilikuwa saba. Kila alama ni mahali alipojaribu kulisukuma lori lisimfikie.

Aliniuliza swali lile lile unalouliza wewe: "Uliniona, kwa nini ulikuja?" Nilikuwa nimetazama mara mbili. Hakuniamini, na simlaumu.

Jiji la London limelichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu Machi 2021, lori la zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia sehemu kubwa ya jiji bila kibali cha usalama, na lori hupimwa kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kulingana na kiasi ambacho dereva anaona kwa macho yake kupitia madirisha, bila kutegemea vioo vya pembeni. Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyota tatu, na lori lisilofikia lazima lifungwe vifaa vya ziada vya kumwonya dereva kuhusu mtu aliye karibu. Hawakuishia kuwaambia madereva wawe makini zaidi. Walikubali kwamba kuna malori ambayo dereva makini naye haoni.

Kwa hiyo kwenye taa zile, usipite ndani ya lori, yaani kati yake na ukingo, hata kama limesimama na halijawasha indiketa. Kaa nyuma yake, mbali kidogo, na usogee hadi uione sura ya dereva kwenye kioo chake. Usipoiona sura yake, hesabu kwamba naye hakuoni. Na likija lori likasimama ubavuni mwako wakati wewe ulitangulia, rudi nyuma yake au sogea mbele mita kadhaa hadi uwe kwenye kioo chake cha mbele. Najua inauma kurudi nyuma wakati ulikuwa wa kwanza. Rudi tu.

Simwondolei dereva lawama zote. Lipo kosa linalofanana na hilo ambalo ni la dereva mia kwa mia: anakupita, halafu hapo hapo anakunja mbele yako. Huyo alikuona. Alikuwa nyuma yako, alikutazama, akapiga hesabu kwamba baiskeli ni ya polepole, akakuchomekea. Baiskeli inayoteremka au inayoendeshwa na mtu mwenye nguvu inaweza kwenda kilomita 30 kwa saa, na madereva wengi wanaikadiria kama mtu anayetembea. Kama unakunja mita chache mbele, kaa nyuma ya baiskeli, iache ipite kona, ukunje. Nawaandikia hili ndugu zangu wa magari ambao mmejaa kwenye uzi huu.

Sasa la kukaa katikati.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme njia yako ina upana wa mita 3. Wewe "unakaa pembeni" kama ulivyoambiwa, gurudumu liko nusu mita kutoka ukingoni, na ncha ya usukani wako inafika kama sentimita 80. Gari dogo la kawaida lina upana wa kama mita 1.8 bila vioo. Kati yenu iwepo mita moja na nusu. Jumlisha: inazidi mita 4. Dereva lazima aingie njia ya pili kwa mita moja na zaidi, hata ukiwa umejibana kwenye mfereji. Kama upande wa pili kuna gari linakuja, hawezi kukupita salama, ukae pembeni usikae. Kinachobadilika ukikaa pembeni ni kwamba anaona upenyo na anajaribu. Ukikaa katikati anaona hakuna upenyo, anasubiri, kisha anahama njia nzima kama anavyolipita gari jingine.

Hiyo mita moja na nusu sijaitunga. Uingereza waliiandika kwenye mwongozo wao wa barabara Januari 2022, angalau mita 1.5 kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 48, na zaidi ya hapo kwa mwendo mkubwa. Mwongozo huo huo unamwambia mwenye baiskeli akae katikati ya njia kwenye barabara tulivu, kwenye msongamano wa mwendo mdogo, na anapokaribia makutano au mahali panapobana. Ujerumani tangu 2020 ni mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje.

Pembeni nako mnakoona pamekaa wazi, shukeni mpaone. Ndiko vinakosukumwa vioo vilivyovunjika, mchanga, misumari. Ndiko viliko vyuma vya mifereji vyenye nafasi zinazomeza tairi jembamba. Ndiko inakomeguka lami. Na ndiko inakofunguka milango ya magari yaliyoegeshwa. Mlango ukifunguka wote unachukua karibu mita nzima. Mimi napita mbali na magari yaliyoegeshwa kwa upana wa mlango, na bado mwaka jana kidogo nimkumbatie mtu: nilikuwa nimeshazoea kutazama vichwa kwenye viti, nikaona taa za breki zinazimika, nikaona bega linainuka, nikajua mlango unakuja. Nilikuwa na nusu sekunde, na ilitosha kwa sababu tu sikuwa nimegusana na ubavu wa gari. Uholanzi wana zoea la kufungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango, kiwiliwili kinalazimika kugeuka na macho yanatazama nyuma bila kukumbushwa. Nimewafundisha wanangu wafanye hivyo hata wakiwa viti vya nyuma. Hakuna gharama yoyote.

Kuhusu muda. Dereva anayekufuata ukienda kilomita 20 kwa saa kwa mita 200 anatumia sekunde 36. Angekwenda 50 angetumia sekunde 14 na kidogo. Amepoteza sekunde 22, na mara nyingi utamkuta amesimama kwenye taa zinazofuata, ukampita. Nimekuwa upande ule, najua hasira inavyopanda ukiwa nyuma ya baiskeli. Sekunde 22 zinahisiwa kama dakika tano. Lakini ni sekunde 22.

Na honi. Ndugu dereva, ukimpigia honi mwenye baiskeli ukiwa mita chache nyuma yake, anageuza kichwa. Akigeuza kichwa, bega linafuata, na usukani unafuata bega. Anayumba kuelekea ulikotaka kupita wewe. Honi ile unayodhani inamsogeza pembeni ndiyo inayomleta mbele ya bampa lako. Ukiwa na lori, kumbuka na upepo wako pia: unapopita kwa kasi unamsukuma nje kwanza, halafu mkia wa lori unapomaliza anavutwa ndani. Nimeusikia mikononi, usukani unatetemeka kwa pande mbili ndani ya sekunde mbili. Mpe nafasi ya kuyumba.

Wanaosema barabara ni ya magari: Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani, ambao nchi nyingi zimejengea sheria zao, unaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri, na neno dereva ndani yake linamhusu pia anayeendesha baiskeli. Tumo barabarani kwa haki.

Lakini sisi wenye baiskeli tukilipokea hilo tulipokee lote. Dereva akikata taa nyekundu tunapiga kelele, basi na sisi tusimame. Wanaoendesha kinyume na magari ndio wanaonitisha zaidi. Wanasema wanataka kuliona gari linalokuja. Sawa, wewe unaliona, lakini dereva anayetoka barabara ndogo anatazama upande magari yanakotoka, wewe unatokea upande wa pili, anakukanyaga akiwa ametazama vizuri kabisa. Na usiku bila taa, hapana. Nikiwa kwenye lori, kitu kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa vile viakisi mwanga vya kwenye pedali. Taa moja nyekundu mbali inaweza kuwa kitu chochote. Vinukta viwili vinavyopanda na kushuka kwa zamu ni miguu ya mtu, unajua hapo hapo kuna mtu mbele, na unaanza kupunguza mwendo mapema. Funga pia kitambaa cha kung'aa kwenye vifundo vya miguu, kinafanya kazi ileile. Taa ya mbele iinamishe kidogo, usimpofushe mwenzako.

Kuna mmoja aliandika juu kwamba suluhisho ni kila mwenye baiskeli kuvaa helmeti na kuacha kulalamika. Vaa helmeti, mimi navaa. Haizuii tela.

Mkuu, umesema kesho unapita njia ileile. Kwenye ile sehemu nyembamba kaa katikati, tazama nyuma kabla ya kuhamia katikati, nyoosha mkono mapema, na usihame ghafla. Pakipanuka rudi pembeni, inua mkono kumshukuru aliyesubiri. Ukifika kwenye taa ukalikuta lori, kaa nyuma yake uitafute sura kwenye kioo. Ukiiona, mpungie mkono. Wakati wangu, walionipungia walikuwa wachache, lakini kila mmoja wao nilijua yuko wapi hadi nilipomaliza kukunja.