Kabla hujanunua LED, pima volti

Msomaji wa Urambo ameniandikia: "Kaka, Land Cruiser yangu ya mwaka 1994 taa zake kama koroboi. Nifunge LED ipi?" Usifunge. Bado.

Langu nalo ni la miaka hiyo: taa za duara za inchi 7, balbu za H4, wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu. Kutoka Uvinza kwenda Malagarasi usiku nilikuwa naendesha kwa kubahatisha, na njia ile ina baiskeli za mkaa zisizo na taa. Fundi mmoja hapa Kigoma mjini aliniambia, mbele ya vijana wake, nikubali gari limezeeka, niuze. Walicheka. Sijasahau.

Nikaazima multimita. Injini inaunguruma, taa zimewaka: kwenye betri volti 13.8, kwenye soketi ya taa 11.6. Volti mbili na ushee zimepotelea njiani, maana umeme wa taa huzunguka hadi swichi ya usukani kwa waya mwembamba wa miaka 30, viungo vimeota kutu. Na balbu ya halojeni haisamehe: volti ikipungua asilimia 10, mwanga hushuka karibu asilimia 30. Mimi nilibakiwa na kama nusu.

Dawa ni rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa: moja ya dimu, moja ya fulu. Waya mnene, milimita 4 za mraba, utoke betri, fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Ila fundi wako ajue kwamba Land Cruiser nyingi za zamani swichi ya taa hukata hasi, si chanya. Akifunga kwa mazoea atakwama, kisha atakwambia rilei ni feki. Na zipo zinazotumia volti 24, kwa hiyo soma betri zako kabla ya kwenda dukani.

Nilipomaliza, balbu zikiwa zile zile, nilipita jioni mbele ya gereji ile. Taratibu. Nikapunga mkono.

Sasa hizo LED. Kioo cha nyuma ya balbu kimepindwa kufuata kijiwaya cha halojeni. LED isiyokaa pale pale hutawanya mwanga hadi machoni mwa anayekuja. Taa nzima zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama Marekani, ni mbaya zaidi: dimu yake huinuka upande wa kulia, na kwetu huko ndiko anakotokea mwenzako. Ndugu zangu, tuoneane huruma! Lori likikuwashia fulu pale Nguruka unatukana, halafu wewe unamfanyia hivyo hivyo mama aliyebeba kuni. Shusha dimu mapema, hata kwa baiskeli.

Na uzipange. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, mzigo wako wa kawaida ukiwa nyuma. Ukingo wa juu wa dimu ushuke kama sentimita 10 chini ya usawa wa taa. Ukipanga gari likiwa tupu, siku ukipakia magunia taa zitamulika miembe.