Mpaka una pande mbili

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama amani inaweza kupatikana mashariki mwa Kongo ilhali mataifa ya nje yana mkono katika uasi wa huko. Mimi niliendesha treila miaka ishirini na mitatu, Mombasa hadi Kampala, Kigali, Goma na baadaye Juba, kabla ya kustaafu na kufungua hoteli ndogo hapa Salgaa, Nakuru. Jibu langu ni kwamba inawezekana. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, nikianzia pale nilipojifunza.

Septemba 2012 nilifika Bunagana, mpakani mwa Uganda na Kongo, na shehena ya mafuta ya kupikia. Waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji ule mdogo mwezi Julai. Upande wa Uganda mambo yalikwenda kama siku zote: karani wa forodha alikagua karatasi zangu, akagonga muhuri, kizuizi kikainuliwa. Hatua chache mbele, upande wa Kongo, kijana mwenye bunduki begani alinitoza mamia ya dola, akaniandikia risiti. Tanboi wangu akaniuliza, "Mzee, hii nayo ni serikali gani?" Sikuwa na la kumwambia. Usiku huo tumelala chini ya treila karibu na Rutshuru, ndani ya Kongo, usingizi ukanipaa, na ndipo nikaanza kuelewa. Yule kijana asingepata hata senti yangu moja kama karani wa ng'ambo ya pili angekataa kugonga muhuri wake. Mwasi anaweza kuteka nusu ya mpaka kwa bunduki. Nusu ya pili lazima aachiwe na mtu.

Kwa hiyo hunichoma moyo nikisikia watu redioni wakiuzungumzia mkono wa nje kana kwamba ni jini. Mkono huo hupita barabarani, na sisi tumepishana nao. Aprili 2024 M23 waliuteka mji wa Rubaya wenye machimbo makubwa ya koltani, yale madini yanayotiwa ndani ya simu zetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba ushuru wa Rubaya uliwaingizia waasi karibu dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba mzigo ulivushwa hadi Rwanda ukachanganywa na wa huko. Wataalamu haohao walikadiria mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo. Kigali ilikuwa ikikana kuwaunga mkono waasi, ikisema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lililoanzishwa na mabaki ya waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Nimepita Rwanda mara nyingi, nimesimama kwenye makaburi ya pamoja kando ya barabara, na hofu ile siidharau hata kidogo. Kinshasa nayo imepigana bega kwa bega na hao FDLR, ikaleta majeshi ya Burundi, ikakodi hata Waromania ambao walisalimu amri Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025. Lakini hofu ya 1994 haielezi magunia ya Rubaya yanakwenda wapi.

Sasa, kwa nini nasema inawezekana? Kwa sababu tumeshaona.

Novemba 2012 M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza. Mwezi huohuo Uganda iliufunga mpaka wa Bunagana kwa ombi la Kinshasa. Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na wengine walizuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, na Rais Obama akampigia simu Rais Kagame. Mwaka uliofuata brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ikasonga mbele pamoja na jeshi la Kongo. Safari hii waasi hawakupata msaada wa kuwaokoa kutoka ng'ambo. Tarehe 5 Novemba 2013 wakatangaza kwamba wameacha vita, ingawa miaka baadaye walirudi. Watu husema ni mabomu yaliyowashinda. Mabomu yalisaidia, ndiyo, lakini kundi lililoonekana halishindiki lilimomonyoka ndani ya majuma machache baada ya kuondolewa ukuta lililouegemea.

Mfano mwingine ni wa Sudan na Uganda, na ulipitia hapahapa kaunti yetu. Miaka ya tisini Khartoum ilimpa Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, silaha na maficho, Kampala nayo ikamsaidia John Garang, kiongozi wa waasi wa Sudan Kusini, na wanakijiji wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, na wa Sudan Kusini wakalipa deni la wote wawili. Desemba 1999 serikali hizo mbili zilitia saini mkataba jijini Nairobi wa kuacha kusaidia waasi wa mwenzake. Haukutekelezwa mara moja. Kisha kukawa na mazungumzo ya Naivasha, Garang na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, wakikaa meza moja chini ya mpatanishi wetu Jenerali Sumbeiywo, hadi saini ya mwisho tarehe 9 Januari 2005. Kony akapoteza maficho yake Sudan Kusini, akahamia msitu wa Garamba huko Kongo. Baada ya hapo mimi mwenyewe nilipita Gulu, kaskazini mwa Uganda, na mzigo wa Juba, nikakuta wazee waliotoka kambini wanapalilia mashamba yao kando ya lami. Nilisimamisha gari nikawatazama tu.

Tazameni na mwaka uliopita. Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walikaa Washington kuthibitisha mkataba wao wa amani. Haikupita wiki, mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ukatekwa na M23. Marekani ilipokasirika waziwazi, M23 wakatangaza kwamba watauacha mji huo kwa ombi la wapatanishi wa Marekani. Fikirini jambo hilo. Wale waliokuwa wakiambiwa na majirani wote wa Afrika Mashariki wasimamishe vita, wakasikia sauti ya mbali kwa siku chache tu. Linaniuma, maana wanaokufa ni majirani zetu, na anayesikilizwa ni mwenye macho kwenye madini.

Ila na sisi Wakenya tujitazame. Muungano wa AFC wa waasi wa Kongo, ambao M23 wamo ndani yake, ulizinduliwa katika hoteli ya Nairobi Desemba 2023, wakati jiji hilohilo lilikuwa limebeba jina la mazungumzo ya amani ya Kongo. Februari 2025 kundi la RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walitia saini hati yao ya serikali mbadala ya Sudan, tena Nairobi. Khartoum ikapiga marufuku bidhaa zetu, chai ikiwamo, na Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Dada yangu ana ekari moja ya chai kule Kuresoi. Hajawahi kuiona Darfur, magharibi mwa Sudan, hata kwenye ramani, lakini siku ile aliniuliza sisi tuliwakaribisha wale watu kwa faida gani. Mpatanishi hawezi kumtandikia jamvi mmoja wa wagomvi halafu ategemee kuaminiwa na mwingine.

Sidai kwamba ukikata msaada wa nje kila kitu kimekwisha. Mlima Elgon, wale wapiganaji wa Sabaot Land Defence Force walivunjwa na jeshi mwaka 2008, lakini watu wa Chebyuk kulekule waliendelea kulia kuhusu mashamba miaka mingi baadaye. Masisi, mashariki mwa Kongo, nina rafiki aliyekuwa akinipakulia mzigo, Mtutsi aliyezaliwa hukohuko kama babu yake, na maisha yake yote ameambiwa arudi Rwanda. Huyo asipohesabiwa Mkongo na serikali ya Kinshasa, atapatikana mwingine wa kumwambia, "Njoo kwetu, chukua bunduki." Hilo ni la Wakongo wenyewe kulimaliza, na hawataweza kulimaliza risasi zikiwa zinalia.

Mikataba ya hotelini siisubiri tena. Julai 2025 Uganda iliufungua tena mpaka wa Bunagana, ng'ambo ya pili ikiwa bado mikononi mwa M23. Madereva vijana wanaokula hapa kwangu huniambia kinachoendelea kule kabla ya redio. Siku watakaponiambia kwamba Bunagana wamelipa kwa karani wa Kinshasa, na kwamba karani wa Uganda na yule wa Rwanda wanarudisha mzigo wowote usio na muhuri wa huyo wa Kinshasa, nitampigia simu yule rafiki yangu wa Masisi.