Maswali yenu: saa ya kompyuta inasema kweli?

Fundi, Linux yangu inaripoti saa yake kwa nanosekunde 1 (sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Ndiyo kusema saa yangu ni sahihi kiasi hicho? (Kwa Mrombo, Arusha)

Hapana. Hiyo ni hatua ndogo kabisa ambayo mfumo unaweza kuihesabu. Haisemi lolote kuhusu umbali wako na saa halisi. Mizani ya kahawa yenye alama za gramu inaweza kukupunja kilo nzima. Kinachoendesha saa ni kipande cha kwatzi. Kikikosea sehemu 20 kwa milioni, kosa la kawaida kabisa, saa inapotea sekunde 1.7 kwa siku, na joto la chumba likibadilika, kosa nalo linabadilika. Nimechoka kusoma ripoti za mafundi zenye tarakimu tisa baada ya nukta wakati saa yenyewe imechelewa dakika nzima! Andika mambo mawili: saa imepishana kiasi gani na UTC (saa rasmi ya dunia), na kipimo chako kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Endesha `chronyc tracking`, amri ya chrony, programu inayolinganisha saa ya kompyuta na seva za mtandao. Mstari wa System time unakupa la kwanza. La pili, chukua nusu ya Root delay, jumlisha Root dispersion. Tarakimu zilizo chini ya jumla hiyo zifute.

ntpq, programu ya kukagua saa ya mtandao, inaandika precision=-23. Niko nyuma sekunde 23? (Sakina)

La. Ni mbili kwa kipeo cha -23, yaani sekunde 0.000000119 hivi. Programu inaisoma saa mara nyingi mfululizo na kupima tofauti ndogo kabisa inayoiona. Usahihi haumo humo.

Umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka. (Majengo, Moshi)

Betri ya CR2032, ile ndogo ya ubao wa kompyuta inayoiendesha saa umeme usipokuwepo, imekwisha. Nimeshajibu hili, tafadhali someni majibu ya nyuma.

Nikitoka Linux kuingia Windows saa inapishana saa tatu. (Njiro)

Linux inaiweka saa ya ubao kwa UTC, Windows kwa saa ya hapa. Ifundishe Windows kutumia UTC, usifanye kinyume chake.

Kamera za duka letu zinapishana na mashine ya risiti, na polisi wanataka video ya wizi. Nirekebishe saa kwanza? (Moshi mjini)

Usiguse, mama! Ukirekebisha sasa, umefuta ushahidi wa saa ilivyokuwa siku ya wizi. Ipime kwanza, uandike: tarehe fulani, kamera imetangulia sekunde 47, kosa la kipimo lisilozidi sekunde 1, imelinganishwa na seva ya NTP (seva ya mtandao inayotoa saa). Piga picha ya skrini ya kamera na simu iliyopata saa ya mtandao, zote mbili zionekane pamoja. Nakala ya video ikishatoka, ndipo uirekebishe.