Helmeti iliyogonga lami bado inafaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Mwezi uliopita niliteleza kwenye mchanga, kichwa kikagonga lami. Sikuumia, na helmeti ina mchubuko tu kwa nje. Naweza kuendelea kuitumia? Halafu, kwa nini siku hizi ajali mnaziita tatizo la afya? Sisi tunajua ni mambo ya trafiki.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Helmeti hiyo acha kuivaa leo.

Ganda la nje halikukuokoa peke yake. Ukivuta kile kitambaa cha ndani utakuta povu jeupe gumu, kama lile linalokuja kwenye boksi la televisheni. Kichwa kinapogonga lami, povu hubonyea, na kule kubonyea hukipa kichwa nafasi ya kupunguza mwendo kabla hakijasimama. Bila hivyo fuvu husimama ghafla, ubongo ulioko ndani ukaendelea kwenda, ukajigonga na mishipa ikachanika. Ndiyo maana tunapokea vijana wanaoongea vizuri tu, hawana hata jeraha la maana, na baada ya saa chache hawaamki. Sasa, povu likishabonyea halirudi, hata kama kwa macho huoni ufa. Ukianguka tena upande ule ule, kichwa hakina kinga.

Helmeti mpya nayo ifunge mkanda, ubaki upenyo wa vidole viwili chini ya kidevu. Isipofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria naye apate yake. Akilalamikia jasho la wenzake, mpe kitambaa safi avae ndani. Ni gharama ndogo mno.

Kuhusu trafiki: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa barabara huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi. Vifo zaidi ya tisa katika kila kumi hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Malaria hatukuishia kumlaumu aliyeumwa; tulimtafuta mbu, tukagawa vyandarua. Barabarani mbu wetu ni mwendo. Anayetembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye 65 kwa saa, hatari ya kufa ni zaidi ya mara nne ya lile lililo kwenye 50. Tuta mbele ya shule ni chanjo, na ninalidai kama ninavyodai dawa wodini.

Jambo moja bado linanipa wasiwasi juu yako. Damu kichwani inaweza kuvuja polepole kwa wiki kadhaa. Kama kichwa kinakuuma kila siku, unasahausahau au mkono umelegea, nenda hospitali upimwe, na uwaeleze kwamba ulianguka. Helmeti usimwachie mwenzako kijiweni: kata mkanda wake kwanza, ndipo uitupe.